Chui Hapigwi Madoa kwa Haraka

Mwaka 1968, Dar es Salaam, mtu mmoja wa kutoka Tunduru aliyekuwa akiishi kwa vibarua vya hapa na pale alianza kuchora wanyama kwenye vipande vya hadibodi. Rangi yake ilikuwa ile ya mafuta ya makopo inayopakwa milango na baiskeli. Hakuwa amesomea uchoraji popote, na alikwisha kuvuka miaka thelathini. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimdhania mhalifu, wakampiga risasi, akafariki.

Miaka minne ni michache mno kwa mtu kuacha alama, lakini yeye aliacha watu. Vijana waliokaa naye, wengi wao jamaa zake, walimtazama na kumwiga: January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata. Wao nao wakafundisha wengine kwa mtindo uleule wa kukaa ubavuni mwa fundi. Mwaka 1990 wachoraji hao wakawa na chama chao cha ushirika, na hadi leo jina la Tingatinga na lile la Morogoro Stores, kule Oysterbay wanakochora, hayaachani.

Nawaheshimu sana watu hawa, na heshima yangu inaongezeka kila ninapoangalia chui anavyochorwa. Kitambaa cha pamba huwambwa kwenye fremu ya mbao, kikapakwa rangi ya chini na kuachwa kikauke. Ndipo linapowekwa umbo la mnyama, lote njano au rangi ya chungwa, halina jicho wala kucha. Kazi inasimama tena. Rangi ya mafuta haina haraka. Ukiitia nyeusi juu ya njano ambayo bado mbichi, zote mbili zinageuka tope. Fundi anaiegemeza picha ukutani, anashika nyingine iliyokauka jana.

Halafu yanakuja madoa. Ncha ya brashi ikitoka koponi, doa la kwanza hutoka nono, la pili hupungua kidogo, la tatu hupungua zaidi. Fundi hashindani na tabia hiyo, anaitumia. Anaanzia mgongoni, anateremka ubavuni mpaka mguuni, na brashi inapoishiwa rangi madoa yamekwisha kuwa madogo palepale yanapotakiwa kuwa madogo. Anachovya tena, anarudi mgongoni. Kidole chake cha mwisho kimeegemea ukingo wa fremu ili mkono usitikisike. Mpita njia anaona urembo tu, lakini kila doa limefuata mviringo wa mwili.

Siku moja nilimwona mama mmoja, mfanyakazi wa ofisini anayechora kwa kujifurahisha, akimwonyesha mzee mmoja chui wake. Madoa yalikuwa safi, yote ya ukubwa mmoja, yamepangwa kwa mistari iliyonyooka. Mzee akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Mama, mkono wako umetulia, hongera. Sasa nionyeshe, tumbo lake liko wapi?"

Mama akainama kuangalia. Mzee hakumnyang'anya brashi. Aligeuza ya kwake upande wa mpini, akapitisha hewani juu ya picha, akizunguka kutoka mgongoni hadi chini ya mbavu. "Pita hivi, taratibu."

"Nimeona, mzee," mama akajibu. Akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, akayafuta madoa yote ya ubavuni. Nyeusi ilikuwa mbichi, ikatoka. Njano ya chini, iliyokaushwa vizuri, ikabaki vilevile. Akaanza upya mgongoni.

Hapo ndipo nilipoelewa thamani ya kule kusubiri. Aliyekausha safu ya chini anaweza kukosolewa safu ya juu bila kuharibikiwa na picha nzima. Aliyeharakisha hana nafasi hiyo. Mkosoaji atamwambia ukweli mtupu, na bado hatakuwa na la kufanya, maana kila rangi imeshikana na mwenzake.

Wengi wanaojifunza kuchora wakiwa watu wazima wanaficha kazi zao kabatini. Mficha uchi hazai. Chini ya mwembe au barazani, mbele ya wenzako, kila mstari unaonekana na kila anayepita ana la kusema. Si yote ya kuchukua. Atatokea atakayekulaumu kwamba chui wako hafanani na wa kwenye picha ya kamera, na huyo hajajua anatazama sanaa gani. "Nzuri sana" ya rafiki nayo inapendeza, ila haikusogezi popote. Swali la mzee yule lilikuwa na faida kwa sababu liligusa mahali pamoja panapoweza kurekebishwa siku ileile, na kwa sababu aliyeuliza amepiga madoa maelfu kwa mkono wake.

Wapo wanaoudharau uchoraji huu kwa kuwa wanafunzi wake wananakili. Ni kweli picha nyingi za kuuzia watalii zinarudia twiga yuleyule mbele ya Kilimanjaro ileile, na mimi sizipendi. Lakini kunakili kwa kujifunza ni jambo jingine kabisa. Unaponakili chui wa fundi, unalazimika kujua kwa nini mkia umepindia kushoto na kwa nini pale katikati ameacha nafasi tupu. Baada ya hapo chui wako mwenyewe atakuja.

Kama unajifunza, nenda ukawatazame mafundi hawa. Nenda asubuhi wakati ndiyo kwanza wanafungua makopo, salimia, omba ruhusa ya kukaa. Beba picha yako moja, hata kama hujaimaliza, na usimuulize fundi kama ni nzuri. Muulize angeanza kurekebisha wapi.