Majabali Yarudi Mtoni: Vijito vya Vindel Vilivyotengenezwa Mara Mbili

Kwa zaidi ya karne moja, mito ya kaskazini mwa Uswidi ilikuwa barabara za magogo. Miti ilikatwa wakati wa baridi, ikaburutwa juu ya theluji hadi ukingoni, ikangoja barafu iyeyuke. Kisha maji mengi ya majira ya kuchipua yakaisukuma hadi viwanda vya mbao vya pwani. Katika mto Vindel, wenye urefu wa kilomita 450 hivi, kazi hiyo ilianza katikati ya karne ya 19 na kukoma mwaka 1976. Magogo yaliondoka, lakini mto yaliouacha nyuma ulikuwa umesafishwa kupita kiasi.

Usafi huo ndio maradhi yenyewe. Gogo moja likinasa kwenye jiwe, mengine hurundikana nyuma yake, kwa hiyo kila jiwe lililosumbua liliondolewa. Yaliyobebeka yalipangwa kandoni yakawa kuta. Makubwa yalipasuliwa kwa baruti. Mikono ya pembeni ilizibwa ili maji yote yashike njia moja. Kwenye vijito vya juu yakajengwa mabwawa madogo ya kuyakusanya maji na kuyaachia kwa mkupuo. Miaka ya 1950 yakaingia matingatinga, na kilichoshindikana kwa mikono ya watu kikamalizwa na mashine.

Sasa mtazame samaki. Trauti wa kahawia, yuleyule ambaye wakoloni walimpandikiza katika mito ya Mlima Kenya, huchimba shimo kwa mkia wake kwenye changarawe, hutaga, kisha huyafunika mayai. Changarawe hizo zinatakiwa ziwe za kadiri, kuanzia punje ya korosho hadi yai la kuku, na maji yapenye katikati yake yakiwa na oksijeni ya kutosha majira yote ya baridi. Vifaranga vikitoka vinahitaji mahali pa kujibanza nyuma ya jiwe, pembeni kidogo tu ya mkondo unaoviletea chakula. Katika mfereji ulionyooka changarawe husombwa, na kifaranga hutumia nguvu zake zote kupigana na maji.

Kwingineko mtaalamu angeshauri mto uachwe, mafuriko yatautengeneza upya. Ushauri huo ni mzuri pale ambapo mafuriko yana uwezo wa kuyasukuma mawe. Vindel ni habari nyingine. Majabali yake yaliletwa na barafu kuu ya kale, na maji ya leo hayana nguvu ya kuyahamisha. Isitoshe, maziwa yaliyotapakaa katika vijito vyake hupunguza ukali wa mafuriko. Jiwe lililotolewa na binadamu halitarudi mpaka binadamu alirudishe.

Awamu ya kwanza ya matengenezo ilifanya jambo la wazi: ekskaveta zilibomoa kuta za kandoni na kuyarudisha mawe majini. Ni kazi ya maana, ila ilikuwa na kasoro ambayo haikuonekana mapema. Mawe yaliyokuwa kandoni ni yale tu yaliyosalimika. Majabali yaliyolipuliwa yalikuwa yamegeuka vipande, wala hakuna aliyefikiria kurudisha miti iliyoanguka, ambayo katika kijito cha asili huzuia majani, hutuliza maji na kukamata changarawe. Kijito kilipata mawe, lakini ya saizi moja, yametawanywa karibu sawasawa.

Hapo ndipo ulipokuja mradi wa Vindel River LIFE, uliofadhiliwa kwa sehemu na Umoja wa Ulaya kuanzia mwaka 2010, huku watafiti wa Chuo Kikuu cha Umeå wakiwa ndani yake. Walichagua vijito 10. Katika kila kimoja, kipande kimoja kiliachwa na matengenezo yale ya kawaida, na kingine kikaongezewa majabali yenye upana wa zaidi ya mita 1, miti yenye urefu wa zaidi ya mita 8, pamoja na changarawe za kutagia, vyote vikitolewa nchi kavu ya jirani. Nausifu mpangilio huu bila kusita. Miradi mingi ya mito hutengeneza kwanza, kisha hutafuta cha kulinganisha. Hapa ulinganifu uliwekwa kijito kwa kijito, tena kati ya matengenezo na matengenezo bora zaidi, mtihani mgumu kuliko kulinganisha na mfereji ulioharibiwa.

Majibu ya miaka 5 ya mwanzo yalichapishwa bila kupambwa. Umbo la kijito na mwendo wa maji vilibadilika kama ilivyokusudiwa. Samaki, mimea ya kingo na kemia ya udongo wake havikuonyesha tofauti ya wazi kati ya vipande hivyo viwili. Tofauti kubwa ilikuwa baina ya kijito na kijito.

Wapo watakaosema fedha zilipotea. Mimi naona matokeo yameonyesha mahali tatizo linapoanzia. Kuingiza mashine kijitoni ni usumbufu wa aina yake, na mazingira ya huko kaskazini hupona taratibu. Kome wa lulu wa maji baridi, ambaye wachanga wake hujishikiza kwenye mashavu ya trauti au samoni kabla ya kudondoka changarawani, anaweza kuishi zaidi ya miaka 100. Miaka 5 kwake si kitu. Kubwa zaidi, makao mazuri hayazai samaki kama hakuna wa kuhamia. Samoni anayepanda kutoka baharini sharti kwanza apite kituo cha umeme cha Stornorrfors katika mto Ume, ambao Vindel huingia ndani yake; hapo ndipo ngazi mpya ya samaki ilifunguliwa mwaka 2010. Kipande kimoja kilichotengenezwa vizuri, juu au chini yake pakiwa na kizuizi, kitabaki nyumba isiyo na mpangaji.

Kwa hiyo mpangaji wa miradi ya namna hii ahesabu bonde zima, achunguze samaki wamebaki wapi kabla ya kuita ekskaveta, na atenge fedha kidogo za kupima kila baada ya miaka michache kwa miongo kadhaa. Wafadhili waliolipia majabali wana wajibu wa kulipia na upimaji huo.