Nani Kasema wa Mwisho

Kompyuta nyingi za mezani utakazozikuta Katesh, Mbulu mjini au Haydom ni mtumba. Zimetumika kwanza Ulaya au Uarabuni, zikashushwa Dar es Salaam, zikapita Arusha, ndipo zikapakiwa kwenye basi kuja huku juu. Mnunuzi hukagua prosesa, ramu na ukubwa wa diski, akiridhika, analipa. Asichokagua ni mazoea ya mwenyewe wa kwanza, yaani setingi alizoziacha kwenye bayosi, ile programu dhibiti inayokaa kwenye mazabodi na kuamka kabla ya kitu kingine chochote. Piga Windows upya mara kumi, bayosi haitaguswa.

Kupiga Windows siku hizi kila kijana mwenye flashi anaweza. Ninayetaka kumsifia ni fundi mwingine, yule anayeletewa mashine ambayo prosesa yake ni nzima, ramu nzima, pawa saplai nzima, na bado inaanguka. Hana kifaa kilichoungua cha kumwonyesha mteja. Ujuzi wake wote ni kujua amri ipi imetolewa na nani, na ipi imetangulia.

Prosesa hutoka kiwandani na kasi iliyopangwa. Kuilazimisha iipite ndiyo ovakloki, na mchezo huu si wa jana. Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300. Watu wakagundua kwamba ukipandisha kasi ya basi ya mazabodi kutoka megahezi 66 hadi 100, nyingi kati yake hukimbia kwa megahezi 450 bila kulalamika. Enzi hizo kazi kubwa ilifanyika kwenye mazabodi. Ukikosea, kompyuta haiwaki, na unajua umekosea wapi.

Baadaye zikaja programu za kufanya kazi hiyo ukiwa umekaa ndani ya Windows: Intel wana Extreme Tuning Utility, AMD wana Ryzen Master, na wenye kadi za michoro wana MSI Afterburner. Hapo ndipo fujo ilipoanza. Bayosi hutoa amri zake kitufe kinapobonyezwa. Programu nayo hutoa zake Windows ikishafunguka. Kompyuta ikilazwa kisha ikaamshwa, bayosi huweza kurudisha namba zake bila programu kuwa na habari. Kwenye mazabodi nyingi za AMD, bayosi yenyewe ina kurasa mbili za jambo hilo hilo, moja ya AMD na nyingine ya mtengenezaji wa mazabodi, na si lazima zikubaliane. Ni jozi moja ya maksai shambani na waswagaji wawili, kila mmoja na fimbo yake. Mashine haiulizi nani mkubwa. Inatii aliyesema wa mwisho, mpaka ishindwe.

Nilimwona fundi wa Katesh akishughulikia mashine ya namna hiyo. Mwenyewe ni kijana anayehariri video za harusi. Kompyuta yake ina Core i7-8700K, prosesa ambayo Intel wenyewe waliiacha wazi kwa ovakloki, na ilikuwa ikijizima katikati ya kurenda. Ajabu ni kwamba haikujizima kila siku. Kuna siku ilirenda harusi nzima pamoja na sendofu, na kuna asubuhi ilianguka kabla hata ya bibi harusi kuingia ukumbini. Kijana alishalaumu umeme, akanunua stabilaiza. Akalaumu ramu, akabadilisha. Akalaumu virusi, kama ilivyo ada.

Fundi hakugusa bisibisi. Aliiwasha, akatazama saa ya kompyuta. Ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa.

"Kaka, usiku huwa unaizima ukutani?"

"Umeme ukikatika, fundi, inazimika yenyewe. Ukiwepo, mara nyingine nazima, mara nyingine naiacha."

Hapo ndipo akaifungua, akachomoa betri ya duara iliyo kwenye mazabodi, ile CR2032 inayotakiwa kuwa na volti 3, akaipima. Ilikuwa na volti 2 na ushee. Betri hiyo bei yake haifikii ya chipsi mayai, nayo ndiyo inayoitunzia kompyuta saa yake umeme unapokosekana ukutani. Ikifa, mazabodi nyingi zikiwashwa huona kumbukumbu imepotea na kurudi kwenye setingi za kiwandani.

Sasa ungeni mambo. Mwenyewe wa kwanza, huko alikokuwa, aliiwekea prosesa volti 1.35 moja kwa moja kwenye bayosi ili ivumilie gigahezi 4.9. Kijana wetu, kwa kufuata video aliyoitazama, akasakinisha programu ya kupunguza joto na kuiagiza ipunguze volti 0.08 kutoka kwenye chochote bayosi ilichoweka, huku kasi ikibaki ile ile. Ikabaki 1.27, prosesa ikavumilia. Lakini betri ilipochoka na umeme ukakatika, bayosi ilisahau 1.35 yake na kurudi kujipangia yenyewe, chini zaidi. Programu haikusahau kitu. Windows ikifunguka tu, ilipandisha kasi hadi 4.9 na kupunguza 0.08 ile ile, safari hii kutoka kwenye msingi mwingine. Prosesa ilikosa nguvu mara tu kazi ilipokuwa nzito. Siku ambazo kazi ilikuwa nyepesi, harusi ilirendwa hadi mwisho.

Kabla ya kuamini maelezo yake mwenyewe fundi alifungua kumbukumbu za matukio za Windows. Huko wengi husimama kwenye Kernel-Power namba 41 na kutangaza kwamba tatizo ni umeme, wakati namba hiyo haisemi zaidi ya kwamba kompyuta ilizimika bila kuaga. Yeye aliipita, akatafuta WHEA-Logger. Namba 19 ni kosa la kifaa lililosahihishwa kimya kimya. Namba 18 ni lile lisilosahihishika. Namba 19 zilikuwa zimejipanga, na baada ya kukatika, 18. Nilimpenda zaidi kwa dakika hizo za kusoma kuliko kwa betri.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya subira isiyopendeza kutazama. Alipiga picha za simu za kila ukurasa wa bayosi. Akaiondoa programu, akahakikisha haijaacha mtumishi wake wa kuwaka pamoja na Windows. Akazima ule uwashaji wa haraka wa Windows, maana huo hauizimi kompyuta kikamilifu, na mabaki ya jana hubaki. Akaweka betri mpya, bayosi ikaanza upya na setingi za kiwandani, na mashine ikapewa mzigo ikiwa haina ovakloki yoyote. Ilipotulia ndipo akaanza kupandisha, ndani ya bayosi peke yake, jambo moja kwa wakati.

Sifa nyingine ya fundi wa namna hii ni kukataa. Huletewa laptopu ambazo vitelezi vya volti kwenye programu vimefifia na havishikiki. Desemba 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham, Graz na Leuven walitangaza udhaifu walioupa jina Plundervolt: kwa kuchezea volti kupitia programu, mtu angeweza kuiba siri zinazohifadhiwa ndani ya prosesa za Intel. Bayosi mpya zikafunga mlango huo. Wapo wanaorudisha bayosi ya zamani ili mlango ufunguke. Kuflashi bayosi mahali ambapo umeme hukatika bila hodi, tena bila UPS, mimi nauita uhuni, hata ukifanikiwa.

Halafu kuna hewa, ambayo video za mtandaoni haziizungumzii. Katesh na Mbulu zote ziko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, na feni ile ile inayozunguka vile vile hubeba joto pungufu kuliko pwani. Ongeza vumbi la kiangazi upande wa mashamba ya ngano ya Basotu, linalojaa kwenye hitisinki kama blanketi. Kinachotuokoa ni baridi. Fundi wa hapa huzipunguza namba za wenzetu wa mtandaoni, na hutazama joto kabla ya kutazama kasi.

Mashine ya harusi aliiacha kwenye gigahezi 4.7, kasi ambayo Intel wanaiahidi kwa kiini kimoja tu, yeye akaishikiza kwenye viini vyote sita. Namba zote aliziandika kwa kalamu kwenye karatasi, akaibandika ndani ya mfuniko wa keisi kwa ajili ya fundi atakayefuata. Kijana alizisoma, uso ukamwanguka kidogo.

"Fundi, kwani tano haifiki?"

"Mwezi wa saba, hapa hapa Katesh, inafika. Ukipata kazi Magugu mwezi wa kwanza, usinitafute."

Kijana alicheka, akaanza kuulizia bei.