Nani Aliyafungia Mahindi Kwenye Machapisho?

Nianze na mstari wa menyu, maana mechi ilipotelea pale, ukurasa haujamaliza hata kufunguka. Mwanzo, Kuhusu Sisi, Utawala, Fursa za Uwekezaji, Huduma Zetu, Madiwani, Miradi, Machapisho, Kituo cha Habari. Nyote mmeshaukariri. Fungua tovuti ya halmashauri ya Nkasi au ya Newala, utaukuta ni uleule, kwa kuwa tovuti hizo zilijengwa kwa kiolezo kimoja na kuzinduliwa kwa mkupuo Machi 2017. Kiswahili kimetangulizwa, anwani zinafanana, kwenye simu zinafunguka. Hongera zao.

Kosa ni Machapisho.

Aliyepanga vile alijiuliza swali moja tu: hii ni karatasi ya aina gani? Ikiwa ni sheria ndogo, droo hii. Ikiwa ni ripoti, droo ile. Fomu na miongozo, kila moja na droo yake. Hakujiuliza karatasi inazungumzia nini. Wapo wanaomtetea kwamba aliiga mtindo wa ofisi za serikali. Hapana, hakuuiga, angeuiga tungepona. Nenda masijala yoyote, mwombe karani jalada la mgogoro wa kiwanja. Atakuletea jalada moja ambalo ndani yake mna barua ya malalamiko, ramani, muhtasari wa kikao na majibu ya wakili, vyote vimetobolewa pembeni na kufungwa kwa uzi mmoja. Hakuna karani anayeweka barua zote za wilaya kabati hili na ramani zote kabati lile. Masijala ya zamani, na vumbi lake lote, ilipanga kwa jambo.

Sasa tuitazame tovuti kwa macho ya mkulima aliyeteremka Mazwi, mjini Sumbawanga, mwezi wa saba, mahindi yamekauka na madalali wameshaanza kumzungukia. Neno alilonalo kichwani ni moja: mahindi. Mwaka uleule wa 2017 kiwavijeshi vamizi aliingia nchini Tanzania, na Rukwa ilikuwa kati ya mikoa ya mwanzo kumwona. Mwaka uleule, bajeti ya 2017/18 ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 2 kwa mazao ya chakula na 3 kwa ya biashara, tena ikamwondolea ushuru anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mambo hayo mawili yalimhusu mtu mmoja, shamba moja na msimu mmoja. Kwa kiolezo kile, mdudu anakwenda Habari, ambako baada ya wiki tatu anasukumwa chini na picha za mbio za mwenge. Ushuru unakwenda Machapisho, ndani ya PDF iliyopigwa skani ikalala ubavu. Bwana shamba yuko Utawala, chini ya idara yake. Tangazo la Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) kununua mahindi, likibahatika kuwekwa, linaingia Matangazo. Hakuna ukurasa hata mmoja unaoitwa Mahindi. Hii ni Rukwa, jamani!

Wenzetu wa fani ya tovuti wanajua dawa yake, na jina lake walilisikia mwaka huohuo wa 2017, kampuni ya HubSpot ya Marekani ilipolivumisha: makala zinakusanywa kwa mada. Unajenga ukurasa mama unaolieleza jambo kwa upana, kisha makala watoto, kila mmoja na kipengele chake. Mtoto anaunganishwa na mama, mama anaunganishwa na kila mtoto, na ndugu wanaohusiana wanashikana mikono. Ukurasa usio na kiungo chochote kinachoingia ni yatima: upo hewani, haufikiwi. Tovuti zetu zimejaa yatima.

Kuna jambo ambalo wachambuzi wengi wanalipita. Ukurasa mama hauhami. Anwani yake ni ileile mwaka hadi mwaka, kinachobadilika ni maneno ya ndani. Sisi kila msimu tunaandika habari mpya ya mbolea ya ruzuku, kichwa kilekile, anwani mpya. Misimu minne, kurasa nne zinazogombania neno moja, na Google haijui ipi ndiyo kubwa, hivyo inaweza kumpa mkulima ya msimu wa juzi, yenye tarehe ya mwisho ya kujiandikisha iliyokwishapita. Kurasa hizo tumezigombanisha wenyewe.

Kuhusu "bofya hapa" nimeshapiga kelele hadi sauti imekauka, lakini naomba mnivumilie tena. Kiungo hubeba jina la kinakokwenda. Andika "viwango vya ushuru wa mahindi", mtu na mashine wote wataelewa. "Bofya hapa" haimwambii mtu kitu. Na vichwa vya habari vinavyoanza na cheo cha mgeni rasmi, vyote kwa herufi kubwa, mbolea ikifika neno la tisa! Ukurasa wa namna hiyo unamhusu mgeni rasmi. Mbolea ni pambo.

Mtaniambia kiolezo kimefungwa, afisa habari hana la kufanya. Kiolezo kinaruhusu kuongeza ukurasa na kuweka viungo ndani yake. Kwa mahindi ningeanza na watoto watano tu: mbegu na mbolea, kiwavijeshi, ukaushaji na sumukuvu, ushuru, na kuuza. Ni kazi ya wiki mbili kwa mtu anayejua kuandika.

Tena hili halikuhitaji Mmarekani. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Mada mama moja, na chini yake malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu. Wiki 12 za redio, vitabu vya kusomea, na vikundi takribani 75,000 vilivyokaa chini ya miti kusikiliza, kusoma na kujadili, kisha watu wakanyanyuka na majembe kwenda kuchimba vyoo. Kipindi cha redio kilikupeleka kwenye kitabu, kitabu kikakurudisha kwenye majadiliano. Waliofanya vile hawakuwa na kompyuta hata moja mezani, na bado sijaona tovuti ya umma iliyopangwa vizuri kama kampeni ile. Wa karibu nao kwa sasa ni watu wa kujitolea wa Wikipedia ya Kiswahili: fungua makala ya kata ya Mazwi, shuka chini kabisa, utakuta kisanduku chenye Chanji, Izia, Katandala, Kizwite na kata nyingine za manispaa. Makala yenyewe ni fupi mno, lakini ndugu zake wote wapo.

Na kwetu Ufipa, hapa Rukwa, kulundika pamoja hatufundishwi. Intumba ni nini kama si nyasi zilizotapakaa kukusanywa, kufunikwa udongo na kuachwa zioze pamoja hadi ziwe mbolea?

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye stesheneri moja hapa mjini nikingoja kutoa kopi. Akaingia mzee mwenye kofia ya pama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ile karatasi ya ushuru nimeambiwa mnayo."

Kijana hakufungua tovuti yoyote. Alibofya folda kwenye skrini yake, imeandikwa MAHINDI kwa herufi kubwa. Nikachungulia: PDF ya ushuru, ameshaigeuza ikasimama wima, picha ya tangazo alilolipiga kwa simu ubaoni, maelezo ya mdudu yaliyotoka WhatsApp, orodha ya bei, jina la faili ni "bei mpya mpya HII NDIYO". Nilimuuliza nani alimfundisha kupanga hivyo.

"Hakuna, bro. Ndivyo wanavyouliza."

Akamtolea mzee kurasa mbili, akachukua mia nne.