Kutazama Ndege Uwanjani Ukunda

Safari ikichelewa katika uwanja mdogo wa Ukunda, wasafiri wengi huinamia simu. Mtazamaji wa ndege hutafuta kivuli penye mbingu wazi, akainua macho. Naupenda ujuzi huu, na naona huku kwetu Kwale haujasifiwa vya kutosha.

Mtu wa Mkongani, pembezoni mwa Shimba Hills, hufunzwa kwanza na sikio. Msituni majani hufunika kila kitu. Hondohondo humtambua kwa sauti inayofanana na kilio cha mtoto mchanga, kitambo kabla hajamwona akivuka baina ya miti. Kurumbiza mwenye kichwa cha kijani, ambaye wanaomtaka Kenya huja kumtafuta Shimba, huimba vileleni kabisa, na wengi huondoka wameambulia wimbo tu.

Uwanjani mambo hugeuka. Injini zikinguruma sikio halina kazi tena, jicho ndilo linalobaki. Hapo umahiri hupimwa, maana rangi, ambayo mwanagenzi huikimbilia, hupotea kwenye jua la saa sita: kila ndege aliye juu huonekana mweusi. Mjuzi hutazama umbo na mwendo. Mwewe humjua kwa mkia wenye panda, anaoupinda kila anapogeuka. Mbayuwayu hupiga mbawa na kuzikunja. Teleka huzikaza, nyembamba, zimejipinda. Kunguru ndio rahisi, kwani hutua karibu: mwenye shingo ya kijivu asili yake ni Bara Hindi, aliingizwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa anapora viota pwani nzima, wa kwetu ana kifua cheupe.

Anayenishika zaidi ni teleka wa minazini. Ni mwembamba, wa kijivu, mkia mrefu uliogawanyika. Hubandika manyoya kwenye kuti kwa mate yake, na mayai nayo huyabandika papo hapo, kusi ivume itakavyo. Sisi hupita chini ya minazi kila siku bila kujua kinachofanyika juu yetu.

Kisha Novemba na Desemba hupita kozi wa Amur. Huyu ana gramu 150 hivi. Huzaliwa mashariki mwa Siberia na kaskazini mwa China, hushuka hadi India, akaivuka Bahari ya Hindi bila pa kutua, akaendelea hadi kusini mwa Afrika. Ukimwona juu ya njia ya kurukia, kinyongo cha kucheleweshwa hukutoka chenyewe.

Basi beba darubini ndogo na daftari. Mweleze askari wa uwanja unachotazama kabla hujaiinua. Andika tarehe, saa na mahali, kisha upeleke orodha yako kwa Kenya Bird Map, wanaokusanya kumbukumbu za ndege wa nchi nzima. Wageni huja kwa msimu. Sisi wa Mkongani, Ukunda na Msambweni tuko hapa mwaka mzima, na kazi hii ni yetu kwanza.