Mdau au Mwananchi? Uhakiki wa Kamati za Kupanga Jiji

Kila unapotajwa mpango wa muda mrefu wa jiji, husemwa kwamba wadau wameshirikishwa. Neno hili limezoeleka mno, hata makada hawalihoji tena. Sisi tunaona kwamba hatuna budi kulihoji, maana ndani yake mna swali la msingi: jiji ni la nani?

Tuchukue Dar es Salaam. Mipango mikuu ya mwaka 1949, 1968 na 1979 ilichorwa na wataalamu wa kigeni. Wakati huohuo jiji lilikua kutoka wakazi wapatao 270,000 katika sensa ya 1967 hadi 5,383,728 katika sensa ya 2022, na sehemu kubwa ya makazi ilijengwa nje ya ramani hizo, kwa mikono na akiba za wenyeji.

Mwaka 1992, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ilijaribiwa njia nyingine. Mradi wa Dar es Salaam Endelevu uliitisha mashauriano ya jiji zima, kisha vikaundwa vikundi vya kazi kuhusu taka, makazi yasiyopimwa, maji machafu, usafiri, biashara ndogondogo na maeneo ya wazi. Hiyo ilikuwa hatua ya mbele, na kuikana ni kukosa haki. Biashara ya barabarani ilikubaliwa kuwa suala la mipango, si la mgambo peke yao.

Lakini je, mdau ni nani? Ni mwenye dau mchezoni. Idara ina dau, kampuni ina dau, mwenye nyumba ana dau. Mpangaji wa chumba kimoja, ambaye mtaro na barabara vikipita hupandishiwa kodi na kuhama, ana dau gani mbele ya kamati? Yeye ni mwananchi tu. Neno "mdau" linawaweka mwenye mali na asiye na mali katika kiti kimoja, na kuficha kwamba maslahi yao yanapingana.

Kasoro ya pili ni ya madaraka. Vikundi vile vilishauri; ardhi na fedha zilibaki kwingine. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa, ikawekwa Tume ya kuteuliwa hadi mwaka 2000. Mwananchi aliweza kushiriki katika kikundi cha kazi, lakini hakuwa na diwani wa kumwajibisha. Huo ni ushauri, si madaraka.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwisha kutamka kwamba wananchi washiriki katika kufikiri, kupanga na kutekeleza maendeleo yao. Hata hivyo Madaraka Mikoani ya 1972 yaliondoa halmashauri za miji, zikarudishwa mwaka 1978. Funzo ni kwamba kauli sahihi pasipo chombo cha wananchi huishia mikononi mwa urasimu.

Wenzetu wa Porto Alegre, Brazili, walianza mwaka 1989, chini ya Chama cha Wafanyakazi, kwa kushika mfuko. Mikutano ya wakazi iliamua vipaumbele vya fedha za uwekezaji za jiji, na watu wa mitaa maskini wakahudhuria kwa sababu kauli yao iligeuka bomba la maji na lami. Nao walikuwa na upungufu: bajeti ya mwaka haitoshi kuona miaka ishirini mbele. Tena chama hicho kiliposhindwa katika uchaguzi wa 2004, utaratibu huo ulidhoofika kadiri miaka ilivyopita.

Kwa hiyo kada anapokaribishwa katika kamati ya mpango asiridhike na orodha ya mahudhurio. Aulize: wapangaji na wachuuzi wamechaguliwa na nani? Kamati ina kauli gani juu ya viwanja na bajeti? Mkutano wa mtaa unaweza kuukataa mpango? Pasipo majibu, kamati ni muhuri tu, na maendeleo endelevu yatakuwa ni kuendelea kwa wale waliokwisha kuwa nacho.