Nimeona Ndani ya Zege!

Jamani, nimeona tumbo la zege! Bila kuvunja ukuta, bila vumbi, bila kuhamisha mpangaji hata mmoja. Kifaa kinaitwa Pundit PD8050, cha Screening Eagle ya Uswisi, kinachosikiliza mwangwi wa sauti ndani ya zege, na tangu nikishike sina habari nyingine nyumbani. Mke wangu siku hizi ananijibu "ndiyo, mwangwi" kabla sijafungua mdomo.

Kigeuze chini kwanza. Utakuta ncha 24, safu nane za tatu tatu, kila ncha na springi yake. Utamu unaanzia hapo! Uso wa jengo la zamani haujanyooka hata pa kuweka kiganja, lakini ncha hizi zinazama na kuchomoza kuufuata. Hakuna kupaka jeli wala grisi. Aliyewahi kupima zege kwa vipima viwili vya zamani, kimoja upande huu na kingine upande wa pili, huku mwenzake nyuma ya ukuta akipiga kelele "hapa? hapa?", ataelewa kwa nini nilicheka peke yangu. Hiki kinataka upande mmoja tu. Slabu, ukuta wa tangi, ukuta ulioegemewa na udongo: kandamiza, subiri, soma.

Safu moja inatuma sauti, nyingine zinasikiliza. Kisha inatuma ya pili, mpaka jozi zote 28 zimalizike, na programu inazichanganya sauti zilizorudi kuwa picha moja kwenye tableti. Lakini kilichonimaliza ni sauti yenyewe waliyoichagua. Kipimo cha mama wajawazito hutumia mamilioni ya mitikisiko kwa sekunde. Kilete kwenye zege, kokoto zitaitawanya sauti yake kabla haijafika popote. Hiki kinashuka hadi kilohezi 50 hivi. Mawimbi yake hukimbia takriban mita 2,600 kwa sekunde katika zege zuri, kwa hiyo wimbi moja lina urefu wa sentimita tano na ushei. Kokoto ya milimita 20 halina hata habari nayo. Likigonga hewa, hata hivyo, karibu lote linarudi. Tena ni mawimbi yanayotikisa kwa ubavu, na mtikisiko wa namna hiyo haupiti majini, basi hata ufa uliojaa maji ya mvua hauna pa kujificha. Nani alifikiria haya? Apewe nishani!

Tulikipeleka kwenye ghorofa la miaka ya 1970, pwani, mahali ambapo upepo wa chumvi hauna likizo. Tukaanzia ukingoni mwa ngazi, ambapo unene wa slabu unapimika kwa rula, ili programu ijue kasi halisi ya sauti katika zege lile. Usiiruke hatua hii; ukiiruka, kila kina utakachosoma ni hadithi. Halafu tukaingia ndani. Mstari wa upande wa chini wa slabu ukajichora kwenye tableti, mwekundu, umenyooka. Tukasogea: umenyooka. Tukasogea tena, mstari ukakatika! Juu yake, katikati ya unene wa slabu, likatokea doa.

Fundi wetu mzee akapagonga kwa nyundo, akatega sikio kama mnunuzi wa fenesi sokoni, akasema pazima. Tukatoboa tundu dogo la kuhakiki, na keekee ikatumbukia kwenye pengo. Kokoto tupu, zimeshikana kwa shida, saruji haikuwafikia wenzake. Yaelekea siku ya kumwaga zege vaibreta haikupita pale, na slabu imeitunza siri hiyo kwa nusu karne. Mzee alikiangalia kifaa kimya, kisha akauliza kama anaweza kukishika.

Sasa, msikimbilie kuuza nyundo zenu. Plasta iliyoachana na ukuta huacha hewa nyuma yake, na sauti inaishia hapo hapo; ibandueni kwanza. Nondo zilizosongamana karibu na uso hufunika yaliyo chini yake, na nondo moja ya milimita 12 mbele ya wimbi la sentimita tano mara nyingi haionekani vizuri. Kutafuta nondo ni kazi ya rada. Kutu nayo, ambayo kwetu pwani ndiyo adui mkubwa, ina kipimo chake: elektrodi ya shaba iliyo ndani ya salfeti ya shaba, na volti zinazosomwa kwenye uso wa zege. Zikishuka chini ya hasi milivolti 350, uwezekano kwamba nondo inaliwa unazidi asilimia 90. Kujua uso ni mgumu kiasi gani, nyundo ya Ernst Schmidt ya mwaka 1948 bado inadunda, na ni rahisi mno. Bei ya hiki? Ulizia ukiwa umekaa. Kampuni ndogo ikodi.

Mimi nimeshapanga safari. Ningeanza na maghorofa ya Michenzani, Zanzibar, yale marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Kisha madaraja yenye nyaya za chuma zilizokazwa ndani ya mabomba! Mwaka 1985 daraja la Ynys-y-Gwas kule Wales lilianguka baada ya nyaya zake kuliwa na kutu bila mtu kuona, na mwaka 1992 Uingereza ikasimamisha kwa miaka kadhaa ujenzi mpya wa aina hiyo. Swali la kila bomba ni moja: uji wa saruji uliingia, au kuna hewa? Hewa huligeuza wimbi juu chini linaporudi, chuma hakiligeuzi, na tofauti hiyo inasomeka. Mwenye daraja la namna hiyo na kibali mkononi anitafute. Betri ziko kwenye chaji.