Niulize, Zuia: Tahakiki ya Vitenzi vya Ruhusa katika Hyprland

Hyprland, programu ya kusimamia madirisha ya kompyuta inayotumia itifaki ya Wayland, hujengea usalama wake juu ya vitenzi vitatu: 'allow', 'ask' na 'deny'. Mtumiaji hutaja programu, aina ya ruhusa, kwa mfano kunakili skrini, kisha kitenzi kimojawapo. Makala haya yanadai kuwa kuvifasiri kwa 'ruhusu', 'uliza' na 'kataza' ni wepesi unaopotosha.

Tuanze na 'ask'. Programu inayotaka kunakili skrini haiulizi, inaomba. Anayeuliza ni msimamizi wa madirisha, na anayeulizwa ni mtumiaji. Kwa hiyo 'niulize' ni bora kuliko 'uliza': kiambishi kimoja cha yambwa kinamrejeshea mwenye kompyuta mamlaka yake.

'Kataza' lina kasoro kubwa zaidi. Kitenzi hiki hudokeza kauli tu, na aliyekatazwa aweza kukaidi. Hyprland haionyi, hufunga njia. 'Zuia' ndicho kitenzi stahiki, kwani hubeba tendo na matokeo yake.

Hata hivyo, istilahi sahihi pekee haitoshi. Katika usanidi wa awali, utekelezaji wa ruhusa hizi huwa umezimwa hadi mtumiaji auwashe. Orodha iliyojaa 'zuia' yaweza, basi, kuwa maandishi matupu yanayomtuliza msomaji asiye na ulinzi wowote. Mfasiri wa mwongozo hana budi kulitangulizia msomaji sharti hilo, ndipo ashughulikie msamiati.